TAHADHARI: Anayeuza vijiko na miiko ya "fedha ya mkoloni" hapa Dodoma, msitume hela

Mbukwenyi ndugu zangu wa Dodoma na wote mnaopenda vyombo vya zamani, naomba msome hadi mwisho maana mimi nimeshapigwa na sitaki mwingine apigwe.

Nakusanya vyombo vya mezani vya kale, hasa vya kupakulia, upawa wa mchuzi, vijiko vikubwa vya wali, visu vya samaki, koleo za sukari, vile vilivyochovywa fedha. Sasa mwezi uliopita kuna kaka nilielekezwa kwake, tukaonana maeneo ya Majengo, ana sanduku la mbao ndani lina kitambaa cha bluu vyombo vimepangwa vinang'aa mpaka moyo unaruka. Akaniambia vimetoka Kongwa, kwa familia ya Mwingereza wa mradi wa karanga, na kwa kuwa ule mradi ulikuwepo kweli Kongwa kuanzia 1947 hadi ukafa 1951 na wazungu waliishi pale na vyombo vyao, nikaona stori imekaa sawa. Akasema ni fedha tupu na ni vya mwaka 1820. Akatoa sumaku mfukoni, akaipitisha kwenye upawa, haikushika. "Dada umeona mwenyewe." Nikatoa laki tatu keshi.

Jumapili nikapika kuku, nikaupakulia huo upawa mbele ya wageni, nikauacha kwenye bakuli la mchuzi wa moto. Nauinua naona kitu kinaelea juu ya mafuta, kama ngozi nyembamba ya maziwa lakini ina rangi ya fedha. Nikakwangua nyuma ya upawa kwa ukucha, inabanduka kama rangi ya kucha jamani! Ni rangi ya kupuliza, ile ya kopo. Chini yake kuna metali ya kijivu yenye unjano, na watoto walishakula. Mchuzi wote nilimwaga. Kwenye hili ndipo ninapoumia kuliko hela, mtu kupaka rangi chombo kinachoingia kwenye chakula cha watu.

Nikakifuta chote kwa kitambaa, ndani ya herufi zilizogongwa nyuma rangi ilikuwa imejaa mpaka zilikuwa hazisomeki vizuri, na mimi nilidhani ni uzee. Ilipotoka nikasoma: EPNS. Maana yake ni metali yenye nikeli iliyochovywa fedha kwa umeme, na hiyo metali ya ndani ingawa Waingereza wanaiita fedha ya nikeli haina fedha hata chembe, ni shaba, zinki na nikeli. Fedha ni ile ngozi ya juu tu. Na kuchovya kwa umeme akina Elkington wa Birmingham walipata hataza (haki ya uvumbuzi) yake 1840, kwa hiyo kijiko chenye EPNS hakiwezi kuwa cha 1820, ule uongo ulikuwa umegongwa pale pale nyuma ya upawa.

Sumaku sasa. Fedha haishiki sumaku ni kweli, lakini shaba haishiki, na hii metali ya EPNS nayo haishiki. Sumaku inakamata chuma cha kawaida na metali nyingine chache tu, kwa hiyo mtu akikutolea sumaku kama ushahidi wa fedha jua anakuchezea. Alama ya A1 nayo ilikuwepo kwenye vijiko viwili, akaniambia ndio daraja la kwanza la fedha, hapana, ni kiwanda kinasifia unene wa uchovyaji wake. Fedha halisi ya Kiingereza ina mhuri wa simba anayetembea, na nyingine utakuta 925.

Mimi sisemi EPNS ni takataka, nazipenda na ninazo nyingi. Lakini ya kweli iliyotumika miaka inachakaa pale inapogusa meza, mgongoni mwa kijiko na kwenye ncha za uma, hapo utaona metali ya chini inachungulia. Ukikuta kitu cha miaka mia kinang'aa sawasawa kila kona, pitisha ukucha kabla hujatoa hata mia. Na toa vyote sandukuni, mimi niligeuza viwili vya juu tu, vya chini vingine havina mhuri kabisa.

Halafu kuna sanduku la pili. Aliniambia liko kwa mjomba wake, nitume laki moja na ishirini kwenye simu ataniwekea kwenye basi nikapokee stendi ya Nanenane. Nilituma KABLA ya ile Jumapili. Nimeenda stendi mara tatu, hakuna kifurushi, namba haipatikani.

Juzi rafiki yangu kapigiwa na namba mpya, maneno yale yale, sumaku ile ile, ila safari hii vyombo vimetoka kwa mapadri. Mimi RB nimeshachukua polisi. Kama na wewe alikuuzia tafadhali usifute meseji za muamala, na huo upawa usiusugue wote, acha rangi ionekane, niandikie inbox twende pamoja Jumatatu.