Moby-Dick nimeuziwa bila mwisho wake

Jamani hasira haijaniisha mpaka leo. Nilinunua Moby-Dick, ile riwaya ya Herman Melville ya kapteni anayemsaka nyangumi, kwa muuzaji mmoja wa vitabu vya mtumba mtandaoni, miezi kama miwili hivi iliyopita, kikaletwa na boda kimefungwa vizuri kabisa. Sura 135 nimezisoma usiku usiku baada ya kazi, zile za kueleza fuvu la nyangumi na mafuta yake zilinichosha kweli lakini nikakaza, maana huyu mzee haandiki ya kusikia, 1841 alipanda meli ya kuwinda nyangumi akaitoroka huko visiwa vya Marquesas mwaka uliofuata.

Basi nafika mwisho, Kapteni Ahab kanyakuliwa na kamba ya chusa shingoni, meli imezama, nageuza karatasi nakutana na jalada. Haiwezekani! Msimulizi ni Ishmael, kama wamekufa wote nani ananihadithia siku zote hizi? Nikakisogeza kwenye taa, kule ndani kwenye mgongo pana kipande cha karatasi kama ukucha, kimeganda na gundi. Ukurasa umechanwa.

Nampigia muuzaji ananiambia, "Sasa kaka si meli imeshazama, unataka nini tena?" Akakata simu. Yaani akakata!

Nikautafuta kwenye simu, ni mfupi tu. Jeneza la Queequeg, yule mrusha chusa rafiki yake, linaibuka majini, Ishmael analishikilia mpaka anaokotwa na meli ya Rachel ambayo kapteni wake alikuwa anamtafuta mwanae aliyepotea. Nililia. Ndio utamu wenyewe wa kitabu huo, mtu anakuuziaje bila huo?

Kinachoniuma zaidi, kumbe London 1851 kilitoka hivihivi bila huo ukurasa, na baadhi ya wahakiki wakamshambulia Melville eti msimulizi kafa kasimuliaje, wakati yeye aliuandika. Kitabu hakikuuza, akaishia kukagua mizigo forodha ya New York miaka 19, amekufa 1891 watu wameshamsahau.

Nilitaka niseme msinunue kabisa kwa huyu bwana. Ila bei yake nafuu na hiki kitabu kukipata ni kazi, kwa hiyo nunueni, au basi, kwanza awatumie picha ya ukurasa wa mwisho ndio mlipe. Mimi changu nimeuandika kwa mkono, nimeubandika palepale palipochanwa.