Ziara ya Kalenga na Isimani: mwongozaji anayejua kutofautisha ushahidi na uvumi

Nitoe hukumu mapema kwa wenye haraka: ziara hii ni halali ya pesa yake. Ni ya siku nzima. Inaanzia kwenye Boma la Mjerumani mjini Iringa, ambalo sasa ni makumbusho, inakwenda Lugalo, halafu Kalenga, na kumalizia Isimani, barabara ya Dodoma. Anayeongoza ni mwalimu mstaafu wa historia. Hana ofisi wala bango, anapatikana kwa kuelekezana, na sisi tulielekezwa na mwenye nyumba ya wageni tuliyofikia. Tulikuwa wanne ndani ya Noah, tukalipa shilingi 50,000 kila mmoja, gari na mafuta humo humo. Viingilio na chakula ni juu yako.

Mimi nimestaafu ukarani wa mahakama. Maisha yangu ya kazi yamepita nikiandika mienendo ya kesi, nyingi zikiwa za mauaji, kwa hiyo mtu anaponisimulia kifo cha mtu mwingine, kwanza nasikiliza kama anatenganisha alichokiona, alichoambiwa na anachodhani. Waongozaji wengi wa wageni niliowahi kuwalipa huvichanganya vyote vitatu na kukoleza chumvi juu. Huyu mzee anavitenganisha, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya mimi kuandika haya.

Lugalo tulikaa kidogo. Pana mnara wa kumbukumbu ya kamanda wa Kijerumani Emil von Zelewski na kikosi chake, waliovamiwa na Wahehe Agosti 17, 1891. Waliuawa Wajerumani kumi pamoja na askari wao weusi zaidi ya mia mbili. Anayesoma mnara anawahurumia waliolala pale. Mzee alituongezea kile ambacho jiwe halikisemi, kwamba kikosi kile kilikuwa kimechoma vijiji njiani kabla ya kufika hapo. Hakukaripia mtu, wala hakushangilia. Alisema tu tuanze kuhesabu maiti kutoka kwenye moshi wa kwanza, tukapanda gari.

Kalenga ndipo nilipoona uwezo wake. Ndani ya makumbusho kuna fuvu kwenye kisanduku cha kioo. Wageni huingia, husikia habari za shujaa, hutoka. Yeye alitukalisha kwanza nje kivulini, akatusomea kama anasoma mashitaka.

Ngome ya Kalenga ilivunjwa kwa mizinga Oktoba 1894. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, akaishi porini akiwindwa na Wajerumani karibu miaka minne, na kichwa chake kikatangaziwa zawadi ya rupia 5,000. Julai 19, 1898, huko Mlambalasi, alijipiga risasi ili asishikwe hai. Sajini Merkl akafika na askari wake, akaona watu wawili wamelala, akafyatua risasi. Aliposogea akakuta amepiga maiti. Akaamuru kichwa kikatwe. Hapo mzee akanyamaza kidogo, kisha akatuambia kwamba tunayajua haya kwa maelezo ya Merkl mwenyewe, yaani ushahidi wa mshitakiwa, na mshitakiwa alikuwa na zawadi ya kudai. Sijasikia wakili akiliweka vizuri zaidi ya hapo.

Kuanzia hapo kesi ikawa ya mali ya wizi. Mwaka 1919, katika Mkataba wa Versailles uliofunga Vita Kuu ya Kwanza, kifungu cha 246 kiliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la Mkwawa kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Kifungu hicho hicho kiliitaka irudishe Kurani ya Khalifa Uthman kwa mfalme wa Hijazi. Hebu fikiria: mataifa yanagawana Ulaya, na katikati ya karatasi zao limo jina la mtu wa Iringa. Miezi sita ikapita, na Wajerumani wakasema hawana kitu kama hicho. Suala likalala mpaka Edward Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alipolifufua. Mwaka 1953 alikwenda Bremen, Ujerumani, kwenye makumbusho yaliyokuwa na mafuvu mengi kutoka makoloni. Likachaguliwa moja lenye tundu la risasi, ambalo vipimo vyake vilikaribiana na vya ndugu wa Mkwawa. Juni 1954 alilikabidhi Kalenga kwa mjukuu, Chifu Adam Sapi, huyo huyo ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi. Mzee alitukumbusha pia kwamba mwaka huo Waingereza walikuwa vitani na Mau Mau kule Kenya na walihitaji vijana wa Kihehe jeshini, kwa hiyo tusiichukulie hisani ya gavana kuwa upendo mtupu.

Je, fuvu lililomo kwenye kioo ni la Mkwawa? Mzee hakusema ndiyo wala hapana. Alituuliza kama kwa ushahidi huo tungethubutu kumtia mtu hatiani. Mimi moyoni nilisema hapana. Lakini nilipoingia ndani nikalitazama, nilijua kwamba ni la mtu wa kwetu aliyekatwa kichwa na kuwekwa kwenye rafu na wageni, na hilo halihitaji vipimo. Wale wengine waliobaki Bremen ni akina nani, nani aliwakata, na ndugu zao waliambiwa nini? Bado nalifikiria. Nilitamani tukae pale saa nzima zaidi, na hii ni lawama yangu ya kwanza kwa ziara hii: Kalenga inapewa muda mfupi kuliko inavyostahili.

Lawama ya pili ni njia. Lugalo iko upande wa Morogoro, Kalenga upande mwingine kabisa, Isimani kaskazini, kwa hiyo unapita mjini tena na tena. Tulifika Isimani jua limeshaanza kushuka. Kama angeacha Boma kwa siku nyingine tungepumua. Chakula tulikula kwa mama lishe kando ya barabara ya Dodoma, ugali na samaki wa Mtera, kitamu na cha bei ya kawaida.

Isimani ndiyo sehemu ambayo hutaikuta kwenye vipeperushi vya utalii. Miaka ya sitini huku kulikuwa ghala la mahindi. Wakulima wenyeji walikuwa wamefungua mashamba makubwa, wengine wana matrekta, na serikali ilipoanza kusukuma vijiji vya ujamaa hawakuwa tayari kuachia ardhi waliyoifyeka kwa jasho lao. Desemba 25, 1971, siku ya Krismasi, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, alimfuata mkulima Said Mwamwindi shambani kwake Mkungugu. Yakazuka maneno. Mwamwindi akampiga risasi akamuua, akapakia maiti kwenye gari la Mkuu wa Mkoa, akaliendesha hadi polisi Iringa na kujisalimisha.

Kesi hiyo naijua. Makarani tulikuwa tukiitaja kila lilipokuja suala la mtu kuua baada ya kuchokozwa, maana utetezi ulisimama hapo, na kwenye hali ya akili yake siku ile. Mahakama Kuu haikukubali. Mwamwindi alihukumiwa kifo na akanyongwa. Nilimngoja mzee ateleze, kwa sababu hapa ndipo wasimulizi wote huteleza: ama wanamfanya Mwamwindi mkombozi wa wakulima, ama wanamfanya mnyama aliyeua mtumishi wa umma sikukuu ya Krismasi. Hakuteleza. Yaliyo kwenye kumbukumbu za mahakama aliyasema kwa sauti moja. Yale yanayosimuliwa vijijini, matusi gani yalitamkwa na nini kilifanyika karibu na makaburi ya ukoo, aliyaweka pembeni akisema wazi: "Haya nimeambiwa."

Ndani ya gari watu walikosana. Kijana mmoja kutoka Dar es Salaam alisema yeye angefanya kama Mwamwindi. Dada aliyekaa mbele, ambaye baba yake alikuwa mtumishi wa serikali enzi za TANU, alimjibu kwa hasira kwamba Klerruu alitumwa kazi na nchi, na hakwenda pale na jeshi. Mzee aliwaacha waseme yote. Kisha akasema kwamba mwaka 1973 kuhamia vijijini kulifanywa amri nchi nzima, na kwamba anayetaka kujua vifo hivi viwili vilibadilisha nini aanze kuuliza hapo. Mimi naona alikuwa sahihi, na naona pia kwamba dada yule alikuwa na haki ya kuumia. Jina la Klerruu liko kwenye chuo cha ualimu mjini Iringa, linatamkwa kila siku. Ni wangapi kati ya wanaolitamka waliowahi kuambiwa mwenye jina alikufaje?

Kuna mambo madogo ya kurekebisha. Nakala zake za magazeti ya zamani zimefifia, herufi hazisomeki, na picha moja ilizunguka kwenye gari hatukujua tunatazama nini. Azichapishe upya, hata akiongeza bei kidogo hatutalalamika. Choo cha uhakika njiani ni kimoja tu, wenye wazazi wazee walijue hilo. Watoto wadogo sishauri, kwa sababu hapunguzi makali ya habari. Wa sekondari wapelekwe, na wapewe daftari.

Mkimpata, msalimieni "kamwene", atafurahi, na mwambieni tangu mwanzo kwamba mnataka Isimani. Usipotaja hukupeleka Isimila ukaone zana za mawe na nguzo za mchanga, maana hicho ndicho wageni wengi humuulizia. Isimila ni pazuri, lakini pale unaweza kwenda siku yoyote na mtu yeyote.