Omeprazoli au famotidini: ipi imfae mgonjwa aliyelazwa?

Zote mbili ni dawa za kupunguza asidi ya tumboni. Swali hili halikomi wodini, na jibu hutegemea ni nani anayemeza.

Kwa nguvu, omeprazoli iko mbele. Huzima pampu zenyewe zinazotoa asidi tumboni, na umio lenye vidonda hupona vizuri zaidi nayo, kwa kawaida ndani ya wiki 8. Lakini si ya haraka: huchukua siku 3 hadi 4 kufikia nguvu kamili, na humezwa nusu saa au zaidi kabla ya chakula. Ikigawiwa pamoja na sahani, hupoteza sehemu ya kazi yake. Famotidini hutuliza kiungulia ndani ya saa 1 hivi, ila mwili huizoea ikitumika kila siku kwa wiki 1 au 2.

Madhara? Omeprazoli inahusishwa na kuhara kunakoletwa na bakteria wa C. difficile, tena hupunguza nguvu ya klopidogreli, dawa ya kuzuia damu kuganda. Dozi ya famotidini lazima ipunguzwe figo zikiwa dhaifu, na mzee anaweza kuchanganyikiwa.

Kinachoniuma ni hiki: mgonjwa wa mashine ya kupumulia huanzishiwa dawa asije akatokwa na damu tumboni, sawa kabisa, kisha anaruhusiwa kwenda nyumbani bado anaimeza bila sababu. Mwenye vidonda vya umio asiikatize omeprazoli. Wa kiungulia cha hapa na pale, famotidini yaweza kumtosha. Wewe uliyelazwa, muulize daktari: hii ni ya nini, na naiacha lini?