Bao la mninga nililomnunulia baba: baada ya miezi mitano

Nimelinunua kwa fundi mmoja wa vinyago hapa Dar es Salaam kwa shilingi 90,000. Alianzia 130,000. Ni bao la Kiswahili lenyewe, safu nne za mashimo manane manane, limechongwa kwenye kipande kimoja cha mninga, si mbao za kugundisha. Naandika kwa sababu kabla ya hili nilishapoteza pesa, na anayelitumia ni mtu asiyekubali kitu nusunusu.

Baba ana miaka 71. Maisha yake yote ya kazi ameendesha malori ya Dar kwenda Tunduma. Sasa figo zote mbili zimechoka, anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, masaa manne kila mara. Mkono wa kushoto una fistula, mshipa uliounganishwa kwa ajili ya mashine, haubebi mzigo wala haupimwi presha. Madafu amekatazwa kwa sababu ya potasiamu, na maji tunampimia kwa kikombe. Lakini kushindana hakuna daktari aliyemkataza. Kule kliniki yuko mzee mwenzake wa mashine ya jirani, na wana shindano lao la mzani: nani amerudi na kilo chache za maji mwilini. Baba akikuta yeye ameongeza kilo moja na nusu na mwenzake tatu, siku hiyo tunarudi nyumbani na mshindi. Kiu ikimbana anafyonza kipande kidogo cha barafu, anasema, "Yule hanipati."

Miguu ilipogoma kumfikisha kijiweni chini ya mwembe, nilikimbilia duka la watalii nikanunua kibao cha kukunja, mashimo kumi na mawili na gololi za kioo. Alikifungua, akakifunga, akanirudishia. "Hiki cha kufundishia watoto kuhesabu, mama." Shilingi 35,000 ziko kabatini mpaka leo.

Hili la pili lina mashimo ya kina, na kwa mgonjwa hilo ni jambo kubwa. Akitoka kwenye mashine mkono wake wa kulia unatetemeka, lakini vidole vikishaingia shimoni vinazoa kete zote kwa mkupuo mmoja, hazimtoroki. Kingo zimepigwa msasa vizuri, hazichubui ngozi, na ngozi yake siku hizi inachubuka kwa kitu kidogo tu. Nyumba, lile shimo kuu la kila mchezaji, zimechongwa mraba na zipo mahali pake, shimo la tano kutoka kushoto kwa kila mchezaji. Kwa hiyo nyumba mbili hazitazamani, zimepishana kwa shimo moja. Ukienda kununua anza kuangalia hapo. Baba alipapasa hapo kabla hata hajakaa vizuri, akatikisa kichwa kukubali.

Kasoro nimeziona mbili. Kete ni komwe halisi, mbegu za kijivu, ngumu, zina mlio mzuri zikigonga mti, ila nilipewa 62 badala ya 64. Baba alizihesabu mara mbili, akasema mchezo hauanzi. Nikapendekeza tuongeze vifungo vya shati, hakunijibu. Ilibidi mtu wa kijiweni atuletee komwe mbili jioni yake. Ya pili ni uzito: kilo saba. Kliniki haliendi.

Wiki ya pili tulimrudisha presha imeshuka, midomo imekauka. Tukamkalisha kwenye mkeka, mito miwili mgongoni. Akasema, leteni bao. Tulikuwa bado kwenye namua, hatua ya kwanza ya kuingiza kete ubaoni moja moja, na shimo langu lenye kete mbili lilikuwa linaitazama nyumba yake yenye kete tisa. Ningeweka kete yangu pale, nyumba yote ingekuwa imeliwa. Nikamwangalia usoni, roho ikanisuta, nikaweka kete kwingine nikatakata, yaani nikasambaza kete bila kula.

Mkono wake ukaja juu ya ubao, ukanizuia. "Rudisha. Ukiwa na kula huna ruhusa ya kutakata."

"Baba, sikuiona."

"Uliiona. Mimi naumwa figo, siumwi akili. Rudisha, ule."

Nikaila ile nyumba huku machozi yananilenga. Yeye alibaki ameinamia ubao, kidole cha shahada kikitembea juu ya mashimo kikihesabu bila kugusa, akitafuta pa kutokea. Alipigana karibu nusu saa. Nikamfunga. Alilala bila kuniaga, na alfajiri, baada ya kuswali, akanigongea mlango turudiane.

Tangu siku ile simwachii hata kete moja, na matokeo anayaandika mwenyewe kwenye daftari: yeye 58, mimi 31. Mara nne amenifunga mkononi, yaani kabla kete za mkononi hazijaisha, na hizo amezipigia mstari kwa kalamu nyekundu.

Nalipatia nyota nne, ya tano imeondoka na zile komwe mbili. Mti haujapasuka wala kupinda, naupaka mafuta ya nazi kidogo mara moja kwa mwezi. Kama una mzee anayeumwa na anajua bao, mnunulie la ukubwa huu, na uhesabu kete palepale kwa fundi kabla hujatoa hela.

Kesho ni siku ya mashine. Ameshaniagiza akirudi akute nimeshapanga: sita kwenye nyumba, mbili, mbili, zilizobaki kando ya mkeka upande wake wa kulia.