Shogi la ukindu kutoka Mnazi Mmoja, baada ya kipupwe kizima

Shogi hili, yaani mfuko wa kubebea mizigo unaoning'inia pande mbili za mgongo wa punda, nililichukua mwishoni mwa Mei, mvua zikiwa zimekatika na kusi imeanza kuvuma. Nililipa shilingi 45,000: shogi lenyewe la ukindu, mito miwili ya kulalia mgongoni, mshipi wa tumbo, mkanda wa kifuani na kamba ya kupita chini ya mkia. Sasa Septemba inaingia, korosho zinakaribia kudondoka, na punda wangu Chausiku amelivaa karibu kila asubuhi kwa miezi mitatu. Naandika kwa sababu watu wa huku njia ya Masasi wananisimamisha kuniuliza nimelipata wapi, na wakisikia bei wanaguna.

Msusi ni bibi anayefanyia kazi nyumbani kwake, si mbali na njia panda ya Mnazi Mmoja, Lindi. Hana kibao wala duka. Waulize wauza samaki pale stendi, watakuelekeza. Mara ya kwanza nilikwenda peke yangu, nikamweleza punda wangu ni mkubwa kiasi gani. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, mgongo haupimwi kwa maneno. Mlete mwenyewe." Nikarudi kijijini, na kesho yake alfajiri nikamswaga Chausiku mwendo wa saa mbili. Bibi akampitishia kiganja mgongoni kutoka mabegani hadi kiunoni, akabonyeza mbavu, akapima kwa kamba na kupiga mafundo. Ukindu ulisukwa kili pana, yaani mikanda ya kusuka, zikashonwa mara mbili kwenye pembe, pale mzigo unapovuta. Wiki mbili baadaye nilipofuata kazi yangu aliniambia nimlete punda tena, akalivalisha mbele yangu na kupunguza mto mmoja upande wa kushoto. Huduma hiyo hakuitoza senti.

Jambo lililonifanya nimwamini ni hiyo mito. Imejazwa usufi na imeshonwa pacha, mmoja huku na mmoja huku, na katikati ameacha mfereji wa upana wa kiganja. Uti wa mgongo wa punda unapita humo bila kuguswa na kitu. Mzigo wote unalala kwenye nyama ya pande mbili, juu ya mbavu. Mimi nilitunza farasi miaka sita kwenye shamba moja Arusha, na tandiko la farasi lililotengenezwa vizuri lina mfereji huohuo. Huku kwetu nimeona punda wengi wanafungiwa gunia moja kwa moja juu ya uti, na baada ya mwezi mgongo umekuwa kidonda. Hata mimi, kabla ya kulipata hili, nilinunua mfuko wa sandarusi kwenye kibanda kimoja mjini, nikaambiwa ni wa punda. Siku nne tu, manyoya yakanyonyoka juu ya uti. Iliniuma sana, maana mnyama hasemi.

Farasi hapa hatufugi, na sababu ninaijua: mbung'o, na ule ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoenezwa na usubi. Farasi akiupata mara nyingi hafiki mbali, punda anauhimili. Lakini niliyojifunza kwa farasi yamenisaidia kumfundisha Chausiku, hasa kufundisha wakati wa baridi. Kule Arusha mwezi wa Julai asubuhi ni ukungu mtupu. Tulikuwa tunawatembeza farasi taratibu robo saa nzima kabla ya kuwakimbiza, na mshipi wa tumbo hatuukazi wote mara moja. Tunakaza kidogo, tunatembea, tunakaza tena. Mgongo wa baridi ukibebeshwa ghafla unakakamaa, na mnyama anajifunza kuchukia tandiko. Mwajiri wetu alitokea Uingereza, akitusimulia kwamba kwao majira ya baridi farasi huota manyoya marefu, na wanaofanya kazi ngumu hunyolewa ili jasho likauke upesi wasipate baridi. Alitufundisha pia kwamba manyoya hayo huficha ukondefu, kwa hiyo usimpime mnyama kwa macho, mguse mbavu kwa vidole. Baridi yetu ya Lindi si ya kuotesha manyoya kiasi hicho, lakini mbavu za Chausiku nazigusa kila Ijumaa.

Kuhusu kumzoeza Chausiku shogi: ukindu mpya unalia. Ukiguswa tu, kwaru kwaru kwaru, na Chausiku aliposikia mara ya kwanza alinivuta na hatamu mpaka kwenye mihogo ya jirani. Bibi alikuwa ameniambia nilitundike kwenye mwembe karibu na zizi kwa siku tatu, nikapuuza. Baada ya hapo nikalitundika. Kusi ikalitikisa usiku na mchana, siku ya nne akawa analinusa mwenyewe. Wiki ya kwanza alivaa mito peke yake. Ya pili, shogi tupu. Ya tatu nikajaza majani makavu ili azoee upana, maana lazima ajue mwili wake umekuwa mkubwa, la sivyo atajikwaruza kwenye kila mti. Kisha mchanga, kilo tano kila upande, kumi, na mwishoni mwa Julai dumu la lita 20 huku na dumu la lita 20 huku. Kilo 40, basi. Meno yake ya pembeni ndiyo kwanza yanabadilika, yaani anakaribia miaka mitano, na sitazidisha. Kuna waliotaka nimpakize gunia zima la korosho. Nimekataa na nitaendelea kukataa. Gunia litagawanywa, atakwenda safari mbili.

Kasoro zipo. Ile kamba ya mkiani ni katani tupu na inachubua. Wiki ya pili tu niliona wekundu chini ya mkia, nikaizungushia kipande cha kanga kuukuu, pakapona. Pete za chuma za mshipi zimeanza kutu. Umande wa kipupwe pamoja na chumvi ya jasho vimezila. Na usufi unashindiliwa. Mito ilikuwa minene kama mkono wangu, sasa imepungua karibu nusu, na ikiendelea hivyo mfereji utafunga na faida yote itapotea. Nimemuuliza bibi, akasema mito hufumuliwa na kujazwa upya kwa shilingi 5,000, usufi ukija nao mwenyewe anapunguza. Nadhani angewaambia wateja mapema, tangu siku ya kununua, kwamba mito inahitaji kujazwa upya baada ya miezi mitatu.

Ukindu wenyewe haujalegea popote. Pembe zote nzima, hata ile Chausiku aliyoigongesha kwenye ukuta wa matofali. Ila ulindeni na mvua. Jioni mimi nalitundika ndani, darini, moshi wa jikoni uufikie, wadudu wasile.

Kwa anayebeba matofali au kokoto silipendekezi, pembe za mizigo hiyo zitalipasua chini. Kwa maji, mihogo, kuni fupi na korosho sijaona bora zaidi yake, na bei ni ya haki kwa kazi iliyopimwa juu ya mgongo wa mnyama mwenyewe. Mkitaka la msimu huu agizeni sasa, maana mvua za Desemba zikianza ukindu haukauki na bibi hapokei kazi. Na kabla hamjaondoka nyumbani kwa bibi mwombeni ashonee kitambaa ile kamba ya mkia. Nilipokwenda juzi nilimwonyesha kanga yangu, akacheka, akaifungua, akaishona vizuri zaidi.