Kitabu cha katuni za Donald Rooum: uzoefu wangu

Hii ni wiki ya tatu niko na Wildcat Anarchist Comics, mkusanyiko wa katuni za Donald Rooum uliotolewa na PM Press mwaka 2016, na bado hakijahamia kabatini.

Kwa asiyemjua, Rooum alikuwa Mwingereza, na aliingia kwenye uanarkia mwaka 1944, kijana wa miaka 16. Waanarkia hawataki serikali wala bosi. Kuanzia 1980 nyingi ya katuni hizi zilikuwa zikitoka kwenye Freedom, gazeti la waanarkia wa London.

Wahusika wakubwa ni wawili. Paka ana hasira za karibu, kazi yake kufoka. Msomi anatamani uanarkia uheshimike mbele za watu, na mara nyingi anaishia kuumbuka. Mabosi na watawala wanachekwa, hilo nililitegemea. Ila waanarkia wenzake Rooum nao hawasalimiki, na hapo ndipo aliponipata. Mchoraji anayewasema wapinzani wake tu huwa namchoka mapema.

Na mchoro wenyewe unachekesha kabla hujasoma neno. Mpwa wangu wa darasa la pili, Kiingereza bado, alimwona Paka anafoka akacheka mpaka akakaa chini.

Ukijua maisha ya Rooum, utani unakolea. Julai 1963 alikamatwa London kwenye maandamano ya kupinga ziara ya malkia wa Ugiriki. Kituoni askari mpelelezi akatoa kipande cha tofali, akadai kilikuwa mfukoni mwa Rooum. Rooum alikuwa amesoma habari za uchunguzi wa kimaabara. Koti lake akalitunza, akamkabidhi wakili, likapimwa: mfukoni hakuna hata chembe ya vumbi la tofali. Akaachiwa huru. Mtu aliyeponzwa hivyo na dola, kisha akaichora kwa kicheko badala ya matusi, mimi namvulia kofia.

Rangi zimewekwa mara ya kwanza, na Jayne Clementson. Niliogopa zingefunika mistari, lakini hazijafunika. Utani mwingine unataka uzijue siasa za Uingereza, na hapo niliruka kurasa kadhaa. Nakala yangu ilifika kona imekunjika, muuzaji hakujibu ujumbe wangu, na bei pamoja na usafiri iliniuma. Hata hivyo sikirudishi.

Jana mpwa wangu kaja kukiomba tena. Nimemwambia anawe mikono kwanza.