Mashine ya TENS kwa mgongo wenye pingili zilizobonyea: uzoefu wangu

TENS, mashine ya umeme mdogo unaopitishwa kwenye ngozi, inasaidia maumivu, mfupa haiugusi. Wanaoniuliza kuhusu hii mashine huwa nawajibu hivyo kwanza, maana wauzaji wengine wanaongea kana kwamba inaunga mifupa.

Mimi ni mama wa miaka 68, naishi Dar. Pingili zangu mbili zimebonyea, ya mwisho ya kifuani na ya kwanza ya kiunoni, hapo ndipo wengi wenye mifupa dhaifu huvunjika. Sikuanguka popote. Nilinyanyua ndoo tu. Maumivu makali yalipungua baada ya miezi michache, lakini yakabaki yale ya kuchosha: nikisimama jikoni kidogo, mgongo unawaka na misuli ya pembeni inakaza kama kamba ya kuanikia nguo. Dawa za maumivu zilinichoma tumbo. Mtaalamu wa mazoezi tiba ndiye aliyenijaribishia TENS pale kliniki kabla sijanunua ya kwangu.

Ni kimashine kidogo cha betri chenye nyaya na vibandiko vinavyonata kwenye ngozi. Umeme wake mdogo unachangamsha mishipa ya fahamu, na ujumbe wa mtekenyo unazuia ule wa maumivu usipite wote kwenye uti wa mgongo. Wazo hilo la "lango" la maumivu lilitolewa na watafiti Melzack na Wall mwaka 1965.

Vibandiko vyangu vinakaa pembeni mwa uti, kulia na kushoto, si juu ya mfupa wenyewe. Mkono wangu haufiki huko, hivyo mjukuu ndiye anayebandika. Naweka mapigo ya umeme kati ya 80 na 100 kwa sekunde, kisha napandisha nguvu taratibu mpaka nisikie mtekenyo mkali usiouma. Ukiuweka hafifu kwa kuogopa, hutapata kitu. Mwili ukizoea, ongeza kidogo.

Nafuu naipata mashine ikiwa inafanya kazi, na muda mfupi baada ya kuizima. Haidumu hadi kesho. Ndiyo maana siivai nikiwa nimelala kochini. Naivaa nitembee, nipike, nifanye yale mazoezi ya kunyoosha mgongo niliyofundishwa (ya kuinama mbele nimekatazwa kabisa). Bila mashine mazoezi hayo nilikuwa nayakatisha katikati. Kwangu hiyo ndiyo faida yake kubwa.

Najua wataalamu hawakubaliani. Mwongozo wa mwaka 2016 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, uliwaambia madaktari wasiitoe kwa maumivu ya kawaida ya kiuno, ingawa mwongozo ule hauwahusu waliovunjika pingili. Kwa hiyo jaribu kliniki kwanza, usinunue kwa neno langu.

Dawa ya mfupa iko palepale. Kila wiki nameza alendroneti asubuhi kabla ya kula, kwa maji bilauri nzima, na silali kwa nusu saa. Naomba sana, ndugu zangu, msiiache kwa sababu maumivu yametulia. Mifupa inaendelea kuchakaa bila kuuma.

Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asiiguse mashine ya TENS bila ruhusa ya daktari wake. Mwenye kifafa au mjamzito aulize kwanza. Usibandike mbele ya shingo wala kwenye kidonda, usilale nayo, usiendeshe gari ukiwa umeivaa. Miguu ikilegea ghafla au mkojo ukikutoka bila kujua, nenda hospitali haraka.

Kero yangu ni vibandiko. Kwa joto la huku jasho linavibandua, na ngozi ikiwa na mafuta havishiki kabisa. Nafuta mgongo kwa kitambaa chenye maji, naukausha, na nikimaliza navirudisha kwenye plastiki yake. Hata hivyo vinachoka, na gharama yake inakufuata daima. Kabla hujalipia mashine, uliza kama duka hilo linauza vibandiko vya akiba na vinagharimu kiasi gani.